Fahamu: Kahawa ya biashara ya haki na wanawake wa Beni na Butembo

Ni nini?
Ni kahawa ya wakulima wadogo inayouzwa kupitia ushirika kwa masharti ya Fairtrade (biashara ya haki). Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 20 ambayo wanachama huamua matumizi yake.

Kwa nini ushirika?
Kwa miaka mingi kahawa ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo (DRC), ilivushwa kwa magendo hadi Uganda. Ushirika kama Kawa Kanzururu, chini ya Rwenzori, hukusanya mavuno na kuyatafutia soko.

Wanawake je?
Hupalilia, huchuma na kuchambua, lakini malipo mara nyingi hupokelewa na mume. Uanachama wao wenyewe katika ushirika huwapa kura na pesa mkononi.

Kumbuka
Bei ya chini ya Fairtrade hulipwa ushirika; gharama hukatwa kabla mkulima hajalipwa.