Nahodha akimwona samaki, ushindi ni wa nani?

KILA msimu wa kaskazi, upepo unapotulia na maji kuwa maangavu, boti za kukodi huondoka Malindi, Watamu na Shimoni alfajiri zikiwa na wageni wanaotamani kumvua sulisuli, samaki mwenye pezi kubwa la mgongoni mfano wa tanga, au nduwaro, jamaa yake mwenye mwili mkubwa zaidi.

Jioni mgeni hupigwa picha, uso umejaa furaha na mkononi ana fimbo ya kuvulia. Nahodha aliyempeleka penye samaki na baharia aliyetega chambo mara nyingi hawamo pichani.

Picha za namna hiyo ndizo zinazohuisha mjadala wa siku nyingi miongoni mwa wavuvi wa michezo: Je, anayemlipa mjuzi wa bahari amwonyeshe samaki anaweza kudai kuwa ushindi ni wake? Au amenunua samaki tu, kama anunuavyo mtu aendaye sokoni?

Wanaoshikilia kwamba kiongozi wa kukodiwa hupunguza hadhi ya ushindi wana hoja nzito. Wanasema kuvua ni zaidi ya kuvuta mshipi. Mvuvi hujifunza maji, husoma dalili, huchagua chambo, hukosea, hurudi mikono mitupu, kisha siku moja hufaulu. Mtu akiondolewa hatua hizo zote na kukabidhiwa fimbo ambayo tayari samaki amenasa, kilichobaki ni nguvu za mikono.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, hasa ikizingatiwa jinsi kazi inavyogawanywa katika boti.

Kazi isiyoonekana

Katika uvuvi wa bahari kuu, nahodha ndiye anayeamua chombo kielekee wapi. Hutazama ndege wanaojitupa majini kufuata vidagaa, mahali rangi ya maji inapobadilika kutokana na mikondo kukutana, na miinuko ya sakafu ya bahari ambako samaki wakubwa huja kuwinda. Mkondo wa Pemba, unaotenganisha kisiwa hicho na bara, una kina cha mamia ya mita. Asiyeujua anaweza kuzunguka kutwa nzima asione hata mkia.

Mabaharia nao hufunga ndoana, hupanga chambo nyuma ya boti kwa umbali tofauti na huangalia mawimbi bila kuchoka. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona kivuli kikipanda kutoka chini.

Hata samaki anaponasa, nahodha haachi kazi. Huigeuza boti na kuirudisha kinyumenyume kumfuata samaki ili mshipi usiishe kwenye gurudumu lake. Nahodha stadi anaweza kufupisha pambano kwa kiasi kikubwa, na nahodha asiyejua anaweza kulipoteza katika dakika moja.

Wahenga walisema mgeni ni kipofu japo ana macho. Msemo huo unaweza kuwa umetungiwa mtu anayeingia bahari asiyoijua.

Kanuni zinasemaje?

Mchezo wenyewe umekwisha kuweka mpaka. Chama cha Kimataifa cha Uvuvi wa Michezo (IGFA), kilichoanzishwa mwaka 1939, ndicho kinachotunza rekodi za dunia, na kanuni zake zinaeleza wazi msaada unaoruhusiwa na ule unaoharibu rekodi.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, ni mvuvi mwenyewe anayepaswa kumnasa samaki na kupambana naye. Mtu mwingine akigusa fimbo, gurudumu au mshipi wakati wa pambano, samaki huyo hahesabiwi. Hata kuiegemeza fimbo kwenye ukingo wa boti ili kupumzisha mikono humwondolea mvuvi haki ya rekodi.

Hata hivyo, kanuni hizo hizo hazimkatazi mvuvi kuwa na nahodha. Zinaruhusu pia baharia kukishika kipande cha mwisho cha mshipi, kile kigumu kilicho karibu na ndoana, samaki anapofikishwa kando ya boti, na kusaidia kumwingiza chomboni kwa kulabu.

Kwa maneno mengine, waliotunga kanuni walikubali kwamba kumtafuta samaki kunaweza kuwa kazi ya wengi, lakini kupambana naye ni kazi ya mmoja. Aidha, anayeomba rekodi hutakiwa kutaja nahodha wake katika fomu. Msaada umeruhusiwa, lakini haukuruhusiwa kufichwa.

Wapenzi wa riadha wanaufahamu mpaka wa aina hiyo. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Austria, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 akisaidiwa na waongoza kasi 41 waliopokezana. Dunia ilimshangilia, lakini muda huo haukuidhinishwa kuwa rekodi, kwa kuwa msaada ulivuka kiwango kinachokubalika.

Septemba 2022 mjini Berlin, Kipchoge huyo huyo alikimbia kwa saa 2:01:09, akiwa pia na waongoza kasi katika sehemu ya kwanza ya mbio, na muda huo ukatambuliwa kuwa rekodi ya dunia wakati huo. Si kwamba mara moja alisaidiwa na mara nyingine hakusaidiwa. Tofauti ilikuwa aina ya msaada. Wala hakuna aliyesema kwamba miguu ya Vienna haikuwa yake.

Mwandishi na nahodha wake

Mfano mwingine unatoka kwa mtu aliyeutangaza uvuvi huu kuliko wengi, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1954. Mwaka huo huo alifika pia Shimoni, katika pwani ya Kenya, baada ya kunusurika katika ajali mbili za ndege nchini Uganda.

Riwaya yake ya mwaka 1952 kuhusu mzee mvuvi wa Cuba inamsimulia mtu aliye peke yake baharini, ndani ya mashua ndogo, akipambana na nduwaro mkubwa. Wengi walioisoma wamejenga imani kwamba mvuvi wa kweli ni yule asiye na msaidizi.

Lakini Hemingway mwenyewe hakuvua hivyo. Boti yake, Pilar, ilikuwa na nahodha wa kuajiriwa, Gregorio Fuentes, mzaliwa wa Visiwa vya Canary, aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi. Fuentes alifariki dunia mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 104, na jina lake halitengani na la mwandishi huyo. Sifa ya Hemingway kama mvuvi haikupungua kwa kuwa Fuentes anajulikana.

Si kila anayekodi ni sawa

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuwaweka wote wanaokodi kiongozi katika kapu moja.

Yupo mgeni ambaye hupokea fimbo baada ya baharia kumnasa samaki, akazungusha gurudumu na kuondoka na picha. Kwa kipimo cha kanuni, huyo hana rekodi ya kudai, ingawa hakuna anayeweza kumnyima furaha yake.

Yupo pia anayekodi ili ajifunze. Huuliza kwa nini boti imegeuzwa, hufunga chambo chake mwenyewe na hukubali kumkosa samaki badala ya kumwachia baharia fimbo. Vivyo hivyo kwa wavuvi wa samaki aina ya trauti katika mito ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kiongozi huonyesha kidimbwi na chambo kinachofaa, lakini kukirusha pale panapotakiwa bila kumshtua samaki ni ustadi wa mkono wa mvuvi, na haununuliki.

Mtu wa namna hiyo hakununua ushindi. Amelipa karo kwa mwalimu, na mwanafunzi anayefaulu mtihani haambiwi kwamba cheti ni cha mwalimu.

Kinachopunguza heshima, basi, si nahodha kuwamo chomboni. Ni nahodha kuondolewa katika masimulizi. Mvuvi anaposema "nilimpata" wakati watu watatu walimtafuta, anadai sehemu ya kazi isiyokuwa yake. Anaposema "walinipeleka, nikapambana naye", anabaki na sifa anayostahili bila kumdhulumu mtu.

Kwa manahodha na mabaharia wa pwani, jambo hili linagusa riziki. Wengi wao ujuzi wa bahari waliupata kwa baba na wajomba, ndani ya ngalawa na mashua, kabla ya kushika usukani wa boti za kitalii. Hutafutwa kwa sifa, na sifa hujengwa kwa jina kutajwa. Ujuzi wao unapoitwa bahati ya mgeni, wanapunjwa mtaji pekee walio nao.

Hata uhifadhi unahusika. Sulisuli na nduwaro wengi sasa huwekwa alama na kurudishwa majini wakiwa hai, kazi inayoratibiwa na taasisi yenye makao yake Watamu. Baharia ndiye huinama ukingoni, akamshika samaki kwa mdomo wake mrefu, akamwekea alama na kumwachia pale anapopata nguvu za kuogelea. Samaki akiishi, ni kwa mikono hiyo.

Mvuvi anayerejea mjini na picha yake hana sababu ya kuona haya kwa kukodi kiongozi. Anachodaiwa ni kidogo: chini ya picha hiyo, jina lake lifuatwe na la nahodha.