Unafuga kobe wa majini? Mlinde mtoto wako kwanza

Wakazi wa ghorofa za Upanga wanajua ilivyo vigumu kufuga mbwa kwenye nyumba ya vyumba viwili isiyo na uwanja. Ndiyo maana baadhi ya familia huchagua viumbe wadogo: samaki wa mapambo, ndege, na wakati mwingine kobe wa majini. Kobe hapigi kelele, hana manyoya wala hahitaji kutembezwa jioni. Akiwa mchanga analingana na kizibo cha soda, na mtoto akishamwona hataki kuondoka bila yeye.

Kama unapanga kumfuga, au tayari unaye, kuna jambo moja la kiafya unalopaswa kulijua kabla ya mengine yote. Kobe anayeonekana msafi na mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria aina ya salmonela, na wewe usione dalili yoyote kwake.

Bakteria hawa hukaa kwenye utumbo wa kobe bila kumdhuru. Hutoka na kinyesi, wakasambaa kwenye maji anayoogelea, kwenye gamba, ngozi na kila kitu kilichomo ndani ya tangi lake. Kumpima hakukuhakikishii usalama, kwa sababu hatoi bakteria kila siku. Leo kipimo kinaweza kuonyesha hana, wiki ijayo akawa nao. Kumpa dawa za antibayotiki nako hakuwamalizi, bali huweza kuwafanya wawe sugu.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua. Kobe wadogo ndio watoto huwabusu na kuwatia mdomoni.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuharisha siku chache akapona. Hatari ni kubwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na watu wanaoishi na VVU. Kwa hawa, bakteria wanaweza kutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye damu.

Kundi jingine ni wagonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, ambao ni wengi hapa nchini. Kwao salmonela inaweza kushambulia hata mifupa. Kama nyumbani una mtoto mwenye selimundu au aliye chini ya miaka 5, ushauri wangu ni mfupi: usifuge kobe kwa sasa.

Dalili, na suala la 'taifodi'

Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kupata bakteria: kuharisha, homa, maumivu ya tumbo na kutapika. Wengi wetu tukipata hali hii hukimbilia duka la dawa au kupima 'taifodi' kwa tone la damu. Bakteria wa homa ya matumbo ni ndugu wa hawa wa kobe, lakini wao huishi kwa binadamu tu. Kipimo hicho cha haraka kinaweza kuwachanganya. Kipimo cha uhakika ni kuotesha kinyesi au damu maabara.

Hivyo ukifika hospitali, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna kobe. Usipomwambia hatajua. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya au kula, na usimpe antibayotiki bila kuandikiwa. Akiwa na damu kwenye kinyesi, homa kali, macho yaliyoingia ndani, degedege, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.

Kanuni za nyumbani

1. Tangi la kobe lisikae jikoni wala karibu na meza ya chakula.

2. Usioshe tangi wala kumwaga maji yake kwenye sinki la vyombo. Yamwage chooni, kisha safisha kwa sabuni na jiki.

3. Awe na ndoo, beseni na brashi zake. Wakati wa mgawo wa maji watu huazimana ndoo. Hiyo isiguswe kwa kazi nyingine.

4. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20, kila unapomgusa kobe au maji yake. Watoto wasimamiwe.

5. Asibusiwe, asilazwe kitandani, asiachwe azurure sakafuni anapotambaa mtoto.

Kanuni ya kunawa inahusu hata kobe wa nchi kavu. Ukiwapeleka watoto kuwaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, wanawe kabla ya kula.

Naye kobe ana mahitaji yake

Maji machafu humuumiza kobe na kuongeza bakteria, hivyo usafi ni faida yenu wote. Wafugaji hukadiria lita 15 za maji kwa kila sentimita 1 ya gamba. Kobe wa sentimita 20 anahitaji lita 300, na maji hayo hubadilishwa mara kwa mara. Piga hesabu hiyo kwa simtanki lenu kwanza.

Anahitaji pia sehemu kavu ya kuota jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, na bila hiyo gamba hulainika. Mtoe barazani asubuhi, lakini awe na kivuli; maji ya beseni dogo yakichemka juani yanaweza kumuua. Mkate na wali si chakula chake. Mpe chakula maalumu cha punje na majani ya kijani.

Ukimchoka

Kobe anaweza kuishi miaka zaidi ya 20. Usimtupe Mto Msimbazi. Kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu pembeni mwa kichwa, anayefugwa sana duniani, ni kiumbe vamizi anayewanyang'anya chakula kobe wa asili. Wala usimwokote kobe wa porini: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na wa kuulizwa ni TAWA. Kasa wa baharini hafugwi nyumbani kabisa.

Ukishaamua kumfuga, mfundishe mwanao kumtazama kobe kwa macho na kumwachia mtu mzima kazi ya kumshika.