Gari la Umeme la Shirika Viungani mwa Mji: Funzo kutoka Paris

Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri matako. Methali hii humwonya anayetegemea mali asiyoimiliki, kwani siku atakayoihitaji zaidi huenda asiipate. Makala haya yanadhamiria kuchunguza iwapo onyo hilo linaufaa mfumo mmoja wa usafiri wa kisasa, yaani matumizi ya magari ya umeme kwa shirika badala ya kila kaya kumiliki gari lake. Mfano wetu mkuu ni Autolib', mfumo uliohudumia jiji la Paris na viunga vyake kati ya mwaka 2011 na 2018.

Kwanza, ni vyema kufafanua istilahi. Gari la shirika ni gari linalotumiwa na watu wengi kwa zamu, kila mmoja akilipia muda aliolitumia. Si teksi, kwa kuwa mtumiaji hujiendesha mwenyewe. Aidha, si gari la kukodi la kawaida, kwa sababu mwanachama hulichukua hata kwa nusu saa, kwa kutumia kadi, bila kupanga foleni ofisini. Tumelikwepa neno 'bia' kwa makusudi. Ingawa kula bia ni kula kwa kuchangiana, 'gari la bia' lingempeleka msomaji wa Kenya moja kwa moja kwenye shehena ya kreti.

Je, kwa nini watu washirikiane gari? Donald Shoup, msomi wa mipango ya miji nchini Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure kwamba gari la kawaida huwa limeegeshwa takribani asilimia 95 ya muda wake. Mwenye gari basi hulipia bima, matengenezo na maegesho ya chombo ambacho kwa kiasi kikubwa kimelala. Viungani mwa mji mzigo huu huongezeka. Njia nyingi za treni za eneo la Paris huelekea katikati ya jiji, kwa hivyo anayetoka kiunga kimoja kwenda kingine hutaabika. Kaya nyingi za huko hujikuta zikihitaji gari, na wakati mwingine magari mawili. Ni hilo gari la pili ambalo gari la shirika linaweza kulichukulia nafasi.

Autolib' ilizinduliwa Desemba 2011 chini ya mkataba baina ya muungano wa serikali za miji na kundi la kampuni za Bolloré. Gari lake, Bluecar, lilikuwa na viti vinne na betri ya kilowati-saa 30. Betri hiyo hufanya kazi ikiwa na joto, hivyo gari lililosimama lilihitaji kuunganishwa na umeme kituoni. Katika kilele chake, mfumo ulikuwa na magari yapatayo 4,000, vituo takribani 1,100, na miji karibu 100 iliyojiunga. Mtumiaji aliweza kulichukua gari katika kituo kimoja na kuliacha katika kingine.

Uhuru huo ndio uliokuwa mvuto wa mfumo, na ndio pia uliokuwa mtihani wake. Magari yanayoachwa popote hufuata mkondo wa watu. Asubuhi huondoka viungani kama maji kupwa, jioni yakarejea kama maji kujaa. Anayechelewa hukuta kituo kitupu, na anayefika kwingine hukosa nafasi ya kuegesha. Lazima basi waajiriwe watu wa kuyahamisha, na gharama hupanda. Isitoshe, kituo cha kiungani huzungukwa na nyumba chache kuliko kituo cha jijini, ilhali gharama ya kukijenga haipungui kwa kiwango hicho.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilisomwa kwa macho mawili tofauti. Mwaka 2018 kampuni ilikadiria kwamba hasara ingefikia takribani euro milioni 294 kufikia mwaka 2023. Kwa mujibu wake, mkataba uliiwajibisha kubeba milioni 60 pekee, na zilizosalia zingelipwa na miji. Miji ilikataa. Tarehe 21 Juni 2018 muungano ulipiga kura kuuvunja mkataba, na kufikia tarehe 31 Julai huduma ikakoma. Aliyekuwa ameuza gari lake kwa kuiamini Autolib' alikuwa na wiki chache tu za kutafuta njia nyingine. Methali ilikuwa imetimia.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba ushirika wenyewe ndio uliofeli. Nchini Uswisi, vyama viwili vya ushirika vilivyoanzishwa mwaka 1987 viliungana mwaka 1997 na kuwa Mobility, ambayo ingali hai na ina takribani magari 3,000, yakiwemo ya umeme. Kwa kawaida, gari lake hurudishwa palepale lilipochukuliwa, na vituo vingi viko karibu na stesheni za treni. Paris nayo, kupitia mpango wa Mobilib' wa mwaka 2019, ilizitengea kampuni mbalimbali nafasi za maegesho kwa magari ya shirika yanayorejeshwa mahali pamoja. Utaratibu huu humpunguzia mtumiaji uhuru, lakini humhakikishia kwamba gari aliloliagiza lina makao, na kwa gari la umeme makao hayo ndiyo pa kuchajia.

Kwa ufupi, anayeacha kumiliki gari hahitaji gari lililo kila mahali. Anahitaji uhakika kwamba saa aliyoliagiza atalikuta, likiwa safi na lenye chaji, na kwamba mkataba unaolilinda hautavunjwa ghafla. Uhakika huo ukikosekana, wakazi wa viungani watarudi kununua magari yao, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu.