Vibao vya Seremala na Darasa la Awali

Wako wazazi, na hata walimu, ambao hupima maendeleo ya mtoto wa miaka mitano kwa kurasa za daftari alizojaza. Akionekana ameketi sakafuni akipanga vipande vya mbao, husemwa kuwa anacheza tu, na kwamba siku yake ya shule imepotea bure. Sisi hatukubaliani na neno hilo "tu", na twapenda kueleza sababu.

Mtazameni mtoto wa Malolo, wilayani Ruangwa, kabla hajaijua shule. Hujenga kijumba cha mchanga na vijiti, akaacha nafasi ya mlango, akapanga na mafiga matatu ya jiko, maana ndivyo aonavyo kwao. Tunaloomba ni kwamba kazi hiyo isikatizwe mlangoni mwa darasa, bali ipewe zana bora kuliko mchanga.

Mchanga hauna kipimo, kibao kinacho. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa mchemraba wa mti uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa. Baadaye Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani aliyejua useremala, alichonga vibao ambavyo urefu wake ni mara mbili ya upana, na upana mara mbili ya unene. Shule aliyoianzisha New York mwaka 1914 ingali ikifundisha kwa vibao hivyo.

Faida yake kila mwashi ataifahamu upesi. Mtoto husimamisha nguzo mbili za vibao bega kwa bega, viungo vyote vikiwa kwenye mstari mmoja, na ukuta ukaachana. Safari ya pili hulaza kibao juu ya kiungo, nao ukasimama. Huona kwamba vifupi viwili vyatosha mahali pa kirefu kimoja, hivyo ameishika nusu mkononi kabla hajaisoma ubaoni. Wakijenga wawili, hawana budi kusemezana: kipi juu, kipi katikati, nani ampe mwenziwe kile kirefu. Kwa mtoto ambaye nyumbani husema Kimwera, hilo nalo ni somo la Kiswahili, tena lisilo na kiboko.

Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani waliowachunguza watoto wa miaka mitatu walieleza kwamba wale walioweza kuiga vizuri majengo ya vibao ndio pia waliofanya vizuri katika hesabu za mwanzo. Hiyo si hoja ya kwamba vibao peke yake huleta hesabu. Lakini ni hoja ya kutosha kuwanyamazisha wanaoita jambo hili upuuzi.

Sera ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa nchi yetu, na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walimiminika. Mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto huona wepesi kuwaimbisha herufi kwa pamoja, wala hatumlaumu. Lakini mtoto wa mwenye nacho mjini hununuliwa sanduku la vibao dukani, na wa mkulima wa ufuta huambiwa akae kimya aitikie. Huko ndiko tofauti inakoanzia, kabla ya mtihani wowote.

Tena dawa yake haingoji fedha za Dodoma. Maseremala hutupa vipande kila siku, vingi vikaishia jikoni. Matawi na vyama vya ushirika yafaa viviombe, vikatwe kwa kipimo kimoja: unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14, pamoja na vya nusu yake na vya mara mbili yake. Vipigwe randa na msasa hata visiache kibanzi. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisiguswe kabisa, wala kisiwemo kipande cha kuenea kinywani. Wachezee wachache kwa zamu, na mwalimu asiwajengee. Aulize tu kwa nini ukuta umeanguka.

Gunia moja latosha kuvihifadhi. Saa ya kuondoka watoto wenyewe wavirudishe wakivihesabu, na kikikosekana kimoja waseme wao ni cha urefu gani.