Bahasha Chini ya Godoro la Mzee

Ukirudi nyumbani Makere ukamkuta baba amepungua mwili, na duka kalifunga saa sita mchana siku ya gulio, usikimbilie hospitali kabla hujainua godoro. Katika kazi yangu ya ushauri wa kodi nimeikuta pale zaidi ya mara moja: bahasha ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya mfuko wa rambo, wa zamani kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku 2019. Imefunguliwa, imesomwa, ikakunjwa vilevile na kurudishwa. Mzee si mkaidi. Anakumbuka tu.

Kodi aliyosimuliwa na baba yake ilikuwa ya nyumba na kichwa. Wajerumani walianza kuitoza mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, iliyokuwa haina zao kubwa la kuuza, ikailipa kwa miguu: vijana walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga ili wapate hela ya kodi. Yeye mwenyewe aliikuta ya maendeleo, iliyofutwa 2003. Asiyekuwa na stakabadhi mfukoni alimkwepa mgambo, ikibidi akalala shambani. Basi akajifunza kwamba ukijificha mpaka wakaondoka, umepona. Kwa kodi ya leo mafunzo hayo ndiyo yanayommaliza, maana hakuna anayemtafuta alfajiri. Siku zinahesabika zenyewe, na riba inapanda juu ya riba.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee lisiwe “unadaiwa shilingi ngapi?” Mwamkie, kaa naye, kisha uliza: “Baba, karatasi hii ililetwa lini?” Ukishakadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Pamoja na pingamizi hulipwa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi usichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Asiye na uwezo anaweza kuomba apunguziwe au aondolewe sharti hilo, akieleza sababu. Siku 30 zikiwa zimepita, bado usikate tamaa. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, na ugonjwa umetajwa humo waziwazi. Cheti cha zahanati cha miezi ile, ambacho mama huwa amekitunza vizuri kuliko bahasha, kinaweza kuwa na thamani kuliko ng'ombe unayetaka kumuuza.

Sasa tuangalie deni lenyewe. Chukua duka la sabuni, chumvi na sukari kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Miaka ambayo wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu walikuwa wakiuziana na wenyeji kwenye soko la pamoja, mauzo yalikuwa mazuri na makadirio yakapangwa kwa hali hiyo. Biashara ya kambini ikafifia, ila hakuna aliyekwenda kuwaambia TRA. Kwa viwango vilivyoanza 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato. Milioni 4 ni kama shilingi 11,000 kwa siku, na maduka mengi ya wazee wetu hayafiki hapo. Akiwa kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu, anakadiriwa 100,000. Akiwa na kumbukumbu, anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tuseme ameuza milioni 5: mwenye daftari atalipa 30,000, asiye nalo 100,000. Daftari la shule la mistari limemwokolea 70,000! Kama hakuandika, tafuta risiti za jumla alikonunua mzigo na ujumbe wa miamala kwenye simu yake kabla hajaifuta.

Na duka likiwa limekufa, lizikwe rasmi. Kufunga mlango hakufungi namba ya mlipakodi (TIN). Andika barua ya kusitisha biashara, ambatisha ya mtendaji wa kijiji, uhakikishe unabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nisisitize muhuri, maana nimeona watoto wenye digrii wakirudi mikono mitupu.

Kinachobaki kuwa halali kulipwa, omba kulipa kwa awamu. Riba na adhabu zinaweza kuombewa msamaha, ingawa kuomba si kupata. Usilipe taslimu kwa mtu yeyote anayesema “nitalimaliza hili”. Malipo ya serikali yana namba yake ya malipo (control number), na fedha zikapite humo.

Hapo ndugu huanza kugombana nani atoe. Deni ni la mzee, halikuhamii kwa sababu wewe una mshahara. Akifariki, msimamizi wa mirathi hulilipa kutoka kwenye mali aliyoacha kabla ya kugawana. Vilevile, ofisi haitakusomea mambo yake kwa kuwa tu mmefanana sura. Nenda na hati ya uwakilishi, au nenda naye mwenyewe, kwa gari la asubuhi kabla jua halijamchosha.

Mkimaliza hayo, ulizeni pia kuhusu kodi inayokatwa kwenye LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Asiponunua umeme miezi mitatu, anaponunua anakatwa yote kwa mkupuo, halafu anawalaumu TANESCO kwamba uniti zimeibiwa. Ila mwenye miaka 60 au zaidi asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake, anastahili msamaha kwa nyumba hiyo. Hauji wenyewe. Chukueni kitambulisho chake, namba ya mita na barua ya serikali ya kijiji. Kama haandiki, atasaini kwa dole gumba. Mwachie aulizie mwenyewe, taratibu, kila mstari anaowekea dole.