Tumbo Linauma Vipi? Maumivu na Lishe Baada ya Upasuaji wa Kifuko cha Utumbo

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, wapo wagonjwa wasioyaficha maradhi yao, ila uchache wa maneno ndio huyaficha. Makala haya yananuia kueleza jinsi anayepona baada ya kuundiwa kifuko cha utumbo anavyoweza kuyatambua maumivu yake na kuteua chakula chake.

Upasuaji huu ulielezwa na madaktari Parks na Nicholls wa London mwaka wa 1978. Utumbo mpana wenye vidonda visivyopona huondolewa, kisha ncha ya utumbo mwembamba hukunjwa na kushonwa iwe kifuko kinachounganishwa na njia ya haja kubwa. Mara nyingi mgonjwa hutumia kwanza mfuko wa nje uliobandikwa tumboni, hadi kifuko kipone.

Nilimuuguza mjomba wangu mtaani Jericho baada ya upasuaji huo. Kila alipoulizwa hali, alijibu, "Tumbo linauma." Siku moja muuguzi akamwuliza, "Mzee, linauma vipi? Linavuta, linachoma au linasokota?" Hapo nikang'amua kuwa vitenzi tunavyoviita visawe darasani, kitandani si visawe.

Kuvuta huwa ni kwa mshono. Hutulia kwa dawa inywewayo kwa wakati, na kwa kukumbatia mto tumboni mtu akikohoa au akiinuka. Kuchoma kwenye njia ya haja hutokana na ngozi iliyochubuliwa na choo chepesi; huoshwa kwa maji, hukaushwa taratibu na kupakwa mafuta ya kukinga. Kusokota kunakoandamana na kutapika, tumbo kujaa na choo kukatika huenda ni dalili ya utumbo kuziba: hilo ni la kukimbiliwa hospitalini mara moja. Homa au damu pia haingojwi. Dawa za jamii ya ibuprofeni zisitumiwe bila idhini ya daktari.

Kuhusu lishe, majuma ya mwanzo huhitaji vyakula laini, kidogo kidogo: wali, viazi vilivyopondwa, ndizi, mayai, samaki na ugali. Githeri, kipenzi cha Eastlands, kingoje. Ganda la mahindi halisagiki kwa urahisi. Njugu na mabua ya sukumawiki vilevile. Pilipili huongeza kuchoma. Baadaye chakula kirejeshwe kimoja kimoja, kitafunwe sana, na matokeo yaandikwe daftarini. Kwa kuwa utumbo mpana ndio uliofyonza maji na chumvi, mgonjwa anywe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa ya pakiti. Soda huzidisha kuhara.

Mwanzoni haja huja mara nyingi. Baada ya miezi kadhaa hupungua hadi takriban mara 4 hadi 8 kwa siku. Penye choo kimoja cha wapangaji wengi na maji ya mgao, hilo ni gumu. Mjomba alilazimika kuwaeleza majirani, nao wakampisha foleni.

Wanafunzi wenzangu, tukusanye msamiati wa maumivu mitaani mwetu. Neno moja sahihi huweza kuokoa uhai.