Maji Yanavyochambua Vitu Mtaani Walikale

Mvua ya Walikale hupokewa kwanza na mabati. Mji huu wa Kivu ya Kaskazini umekaa ndani ya msitu wa ikweta, kando ya mto Lowa, na mvua ya mwaka mzima katika eneo hilo huzidi milimita 2,000. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Kwa hiyo paa la mita tano kwa nane, likinyeshewa milimita 25 alasiri moja, humwaga lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Kwa kawaida hukingwa chache tu kati ya hizo. Nyingine hudondoka kutoka kwenye makali ya bati na kutoboa chini mstari wa vishimo vidogo, kila kimoja chini ya bonde lake la bati. Ndani ya kishimo hubaki vijiwe na mchanga wa chembe kubwa, udongo laini ukiwa umekwisha kusombwa. Tone moja halina nguvu ya kutosha, ila kwa kuwa huanguka mahali palepale mvua baada ya mvua, huchambua udongo kama mtu anavyochambua mchele.

Kutoka chini ya paa maji huingia mtaroni, kisha mto Lowa, kisha Lualaba, na mwisho bahari ya Atlantiki. Si mvua yote ya Kivu ya Kaskazini inayofuata njia hiyo. Ile inayonyesha Rutshuru huteremkia ziwa Edward, ikapita mto Semliki na ziwa Albert hadi Nili, ikafika bahari ya Mediterania. Wilaya za jimbo moja huweza kuamka na mvua moja, kisha maji yake yasikutane tena.

Mtaro wa mtaani unastahili kutazamwa mvua ikishakatika. Maji yanayokwenda kasi hubeba karibu kila kitu. Yakipunguza mwendo, huanza kuangusha mizigo, na ya kwanza kuachwa ni ile mizito. Ndiyo maana nyuma ya jiwe, au upande wa ndani wa kona ambako maji hupita polepole, huonekana ukanda mwembamba wa mchanga mweusi juu ya mchanga mwekundu. Mara nyingi weusi huo ni madini ya chuma. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu, ikizungushiwa kipande cha plastiki na kupitishwa juu yake, huinuka na ndevu za chembe nyeusi; plastiki ikivuliwa, chembe zote hudondoka kwa pamoja. Anayedhani amepata utajiri kwa sababu ya rangi tu atakuwa amejichosha bure.

Katika Walikale, hata hivyo, mchezo huo wa mtaroni ndio kazi ya mchimbaji. Kasiterite, madini yanayotoa bati, huoshwa kwa njia ileile katika beseni, karai au mfereji wa kuchimbwa. Mgodi unaojulikana zaidi wilayani ni Bisie, kaskazini-magharibi mwa mji, ambako wachimbaji wa mikono walianza kumiminika mapema katika miaka ya 2000, na ambako mgodi wa mitambo ulianza kuzalisha mwaka 2019. Asili ya bati la eneo hili ni miamba ya matale iliyopanda kutoka chini ya ardhi takriban miaka bilioni moja iliyopita.

Kwa nini beseni lenye maji hufanya kazi vizuri kuliko kupepeta pakavu? Jibu limo katika hesabu ya Archimedes. Chukua kipande cha kasiterite safi cha sentimita za ujazo 300, yaani kadiri ya ngumi, na kipande cha jiwe jeupe la kwarzi cha ukubwa huohuo. Nje ya maji, cha kwanza kina uzito wa gramu 2,100 na cha pili kama gramu 800, kwa hiyo kimoja ni kizito mara 2.6 kuliko kingine. Vikizamishwa, maji hukinyanyua kila kimoja kwa gramu 300: kasiterite hubaki na 1,800, kwarzi na 500. Sasa tofauti ni mara 3.6. Maji hayakuongeza uzito wa chochote, lakini yamewanyang'anya wote kiasi kilekile, na mwepesi ndiye aliyeumia zaidi. Beseni likitikiswa, kwarzi hupanda na kumwagika ukingoni, kasiterite hutulia chini.

Hila hiyo ina mpaka wake. Kokoto kubwa nyepesi inaweza kuzama kwa mwendo uleule wa chembe ndogo nzito, na hapo maji hayatofautishi tena. Ndiyo sababu mawe hupondwa na kuchekechwa kwanza, vipande vya ukubwa unaokaribiana vioshwe pamoja. Koltani, madini mengine mazito, nayo huyashinda maji, kwa kuwa uzito wake unakaribia ule wa kasiterite. Hapo sumaku yenye nguvu husaidia, maana koltani huvutwa nayo kidogo na kasiterite safi haivutwi.

Kiswahili kimeweka kichekesho kidogo katika habari hii. Kinachoitwa bati juu ya nyumba si bati. Ni chuma kilichopakwa zinki ili kisile kutu upesi. Bati lenyewe limo katika beseni, likiwa limeshikana na oksijeni, na linahitaji makaa na moto mkali ili kuachana nayo. Hurudi Walikale kwa sura nyingine: waya laini wa fundi wa simu, unaoyeyuka kwenye ncha ya moto na kuunganisha vipande vya redio, kwa kawaida hutengenezwa kwa bati lililochanganywa na metali nyingine.

Jioni baada ya mvua kubwa, taa huleta kumbikumbi. Hawa ni mchwa wenye mbawa, madume na majike, waliokuwa wakingoja kichuguuni mpaka hewa iwe na unyevu na udongo ulainike. Huruka kwa muda mfupi, hudondosha mbawa, kisha dume na jike huenda kuchimba mahali pa kuanzia koloni. Kumtambua ni rahisi: mbawa zake nne zinalingana kwa urefu, wakati chungu mwenye mbawa ana za mbele ndefu kuliko za nyuma na kiuno chembamba. Mchwa si jamaa wa karibu wa chungu. Ndugu zake wa karibu ni mende, jambo ambalo walaji wa kumbikumbi huenda wasipende kulisikia.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wadudu wa usiku huidhania taa kuwa mwezi. Utafiti wa Samuel Fabian na wenzake, uliochapishwa mwaka 2024, ulipiga picha za kasi kubwa na kuonyesha jambo lingine. Wadudu wengi warukao huelekeza mgongo upande wenye mwanga zaidi, kwa kuwa kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa juu, mbinguni. Karibu na taa desturi hiyo huwapotosha: hugeuza mgongo kwenye taa, wakajikuta wakiizunguka bila kutoka. Mwanga ukitoka chini, wengi hupinduka na kuanguka. Watu wanaoweka beseni la maji chini ya taa ili kuvuna kumbikumbi walikuwa wakilitumia jambo hilo kabla halijaelezwa. Na mchwa huleta chakula kingine: jamii kadhaa za mchwa hulima kuvu ndani ya kichuguu ili kujilisha, na mvua ikija kuvu hilo huchomoza juu ya ardhi kama uyoga unaoliwa.

Maji hufanya kazi nzito zaidi yasipotembea. Katika pipa au kidimbwi, muhogo mchungu huloweshwa siku tatu, nne au zaidi kabla ya kuanikwa na kusagwa kuwa unga wa bugali. Muhogo huo una linamarini, ambayo yenyewe haina haraka ya kudhuru, lakini ikikutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya mzizi uleule huvunjika na mwishowe kutoa sianidi. Katika mzizi mzima viwili hivyo vimetengwa. Ndani ya maji, bakteria hulainisha mzizi, kuta za seli hubomoka, sumu hutoka na kuishia majini au hewani. Hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu za Selsiasi, hivyo jua la kuanika humalizia kazi. Kipimo cha nyumbani ni kidole: muhogo ukibonyea na kuvunjika, umeiva majini. Kipimo hicho si ushirikina, kwa kuwa ulaini ndio dalili kwamba kuta zimekwisha kubomoka.

Sombe, yaani majani ya muhogo, hufuata kanuni hiyohiyo kwa njia ya kinu. Majani yakitwangwa mpaka yawe laini, kimeng'enya hukutana na linamarini. Kuyachemsha kwa muda mrefu bila kufunika kabisa hufukuza kinachobaki. Majani yaliyokatwakatwa tu na kutiwa chunguni hupoteza hatua ya kwanza, kwa sababu moto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Siku za kulowesha zikipunguzwa kwa sababu ya njaa, ukame au watu kukimbia vita, muhogo ukawa karibu chakula pekee, huzuka konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi. Daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo, na jina lenyewe ni la Kiyaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na zaidi pale ambapo mlo hauna protini, kwa kuwa mwili huhitaji salfa ya protini ili kuigeuza sianidi isidhuru.

Maji ya kisimani, yasiyokwenda popote, huonyesha jambo la mbinguni. Walikale iko karibu nyuzi 1.4 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Mchana wa siku hizo, anga ikiwa wazi, mwanga hufika hadi kwenye maji ya kisima kirefu, na kijiti kilichosimamishwa wima hakina kivuli. Saa ya tukio hilo hailingani: mwezi Machi huwa kama saa sita na dakika 16, mwezi Septemba karibu saa sita kamili. Mwishoni mwa Juni kijiti cha mita moja hutupa kivuli cha sentimita 46 kuelekea kusini. Karibu na Krismasi, sentimita 40 kuelekea kaskazini.